Kubuni na Kufuma Sweta Yako Nyumbani: Mwongozo kwa Mkazi wa Dodoma

Mtu anayehamia Dodoma kutoka Dar es Salaam, kama walivyohamia watumishi wengi wa serikali tangu mwaka 2016, huja na shuka nyepesi na nguo za pwani akiamini kwamba nchi kavu ni nchi ya joto mwaka mzima, na mwezi Juni ndio humsahihisha. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti upepo huvuma kwenye tambarare bila kizuizi, alfajiri huwa ya baridi kali kwa mtu asiyeizoea, ilhali saa nane mchana huyohuyo aliyetetemeka asubuhi hutafuta kivuli. Sweta ya hapa, basi, ni nguo ya kuvaliwa saa kumi na mbili asubuhi, kuvuliwa saa nne, na kuvaliwa tena jua linapozama. Inapaswa kuwa nyepesi kuliko ya Makete, kule Njombe kwenye baridi zaidi, iingie kichwani bila kuvuruga nywele, na ikunjike vizuri ndani ya mkoba. Sweta nyingi za mitumba zilifumwa kwa ajili ya nchi zenye theluji, na hizo za mafundi wa mashine ni sare za shule. Anayetaka sweta ya hali ya hewa ya Dodoma na ya kipimo chake mwenyewe hana budi aibuni na kuifuma.

Mwongozo huu unamfaa mtu anayeweza kukaa na sindano mbili na daftari moja la hesabu. Daftari nimelitaja kwa makusudi, kwa sababu makosa mengi ninayoyaona katika sweta za kufumwa kwa mkono hayatokani na vidole, yanatokana na hesabu ambayo haikufanywa.

Hatua ya kwanza: kutafuta uzi na sindano

Katika maduka ya vifaa vya ushonaji utakuta zaidi uzi wa akriliki, ambao ni wa bei nafuu, una rangi nyingi, hausinyai ukifuliwa na haushambuliwi na nondo. Kasoro yake ni kwamba hauvumilii pasi ya moto: ukiubonyeza kwa pasi hulegea na kung'aa, wala haurudi tena katika hali yake. Sufu halisi ni adimu madukani, lakini imejaa mitumbani, na hapo ndipo mfumaji mwenye subira anapopata uzi mzuri kwa fedha kidogo. Nunua sweta kubwa, uifumue, uuoshe uzi, kisha ufume upya.

Kabla ya kulipia sweta ya kufumua, igeuze nje ndani na uchunguze mishono ya ubavuni. Ikiwa kingo za vipande ni nzima na zimeunganishwa kwa mshono wa mnyororo, nguo hiyo ilifumwa kwa umbo lake na uzi utatoka mmoja mrefu. Ikiwa kingo zimekatwa kwa mkasi na kufungwa kwa ovaloki, iache, kwa kuwa kila mstari utakatika pembeni nawe utabaki na nyuzi fupi zisizofaa hata kwa soksi. Ukitaka kujua kama ni sufu, chomoa uzi mdogo ukishafika nyumbani na uuchome juu ya sahani: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika kwa vidole, akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti upate shada, lifunge sehemu nne ili lisichanganyike, lioshe kwa maji ya vuguvugu, kisha litundike kivulini likiwa na uzito mdogo chini, kwa mfano chupa ya maji, mpaka likauke likiwa limenyooka.

Ukinunua uzi mpya, nunua wote kwa siku moja. Karatasi ya donge la uzi huwa na namba ya mkupuo wa rangi, yaani ya nyuzi zilizotiwa rangi kwa pamoja, na madonge ya bluu ileile yenye namba tofauti yanaweza kuonyesha mstari dhahiri kifuani pindi utakapotoka juani.

Kwa uzi wa unene wa kati, sindano za milimita 4 zinatosha kwa mwili na za milimita 3 au 3.25 kwa mapindo. Wapo wanaonoa spoku za baiskeli na kuzifanya sindano. Ni ubunifu ninaouheshimu, lakini spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2 hivi na ni fupi, kwa hiyo inafaa kofia ya mtoto mchanga kwa uzi mwembamba na haifai sweta ya mtu mzima. Vifaa vingine ni tepu ya fundi cherehani, mkasi, na sindano nene ya kushonea yenye tundu kubwa.

Hatua ya pili: vitanzi viwili vinavyotosha

Sweta nzima hujengwa kwa vitanzi vya aina mbili. Kitanzi cha uso hufumwa uzi ukiwa nyuma ya kazi: ingiza sindano ya kulia ndani ya kitanzi cha kwanza kutoka mbele kwenda nyuma, zungushia uzi kwenye ncha yake, uvute upenye, kisha uache kitanzi cha zamani kidondoke kutoka sindano ya kushoto. Kitanzi cha mgongo hufumwa uzi ukiwa mbele: ingiza sindano mbele ya kitanzi kutoka kulia kwenda kushoto, zungusha uzi, uusukume nyuma, kisha udondoshe. Ukifuma mstari mmoja wa uso na unaofuata wa mgongo, utapata kitambaa laini chenye alama za mikia ya mbayuwayu upande wa mbele. Ukibadilishana ndani ya mstari mmoja, viwili vya uso na viwili vya mgongo, utapata mbavu, yaani kitambaa kinachovutika na kurudi, ambacho ndicho cha mapindo ya chini, ya mikono na ya shingo.

Akina mama waliosoma Sayansikimu, yaani somo la kazi za nyumbani, shuleni watakuwa wanayajua haya tayari. Asiyeyajua afume kipande chochote kwa jioni tatu nne mpaka vidole viache kubana uzi, maana mfumaji mgeni hubana sana mwanzoni na hulegeza kadiri anavyozoea, na mabadiliko hayo yakitokea katikati ya sweta, nusu ya chini hutofautiana na nusu ya juu.

Hatua ya tatu: kipande cha majaribio

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na mimi niliiruka katika sweta yangu ya kwanza. Nilikadiria kwa macho, nikafuma kwa wiki sita, na nilipoivaa, shangazi yangu wa Mpwapwa aliniuliza mwenzangu tutakayeingia naye ndani yake ni nani.

Anzisha vitanzi 32, yaani viweke juu ya sindano, kwa sindano za milimita 4 na ufume kitambaa laini mpaka kifikie urefu wa sentimita 14. Funga vitanzi, yaani vimalize visifumuke, kioshe kama utakavyoiosha sweta yenyewe, kilaze kikauke, kisha kwa tepu hesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10 za katikati, upana kwanza na mistari baadaye. Usipime pembeni, kwa kuwa kingo hujikunja na hudanganya. Kwa uzi wa unene wa kati, hesabu inayopatikana mara kwa mara ni vitanzi 22 na mistari 28, na ndiyo nitakayoitumia hapa chini. Yako ikiwa tofauti, tumia yako. Tofauti ndogo ina gharama kubwa: vitanzi 112 kwa kipimo cha 22 hutoa upana wa karibu sentimita 51, lakini vikifumwa kwa kipimo cha 20 hutoa sentimita 56, na kwa kuwa sweta ina mbele na nyuma, mzunguko wote unaongezeka zaidi ya sentimita 10.

Usikifumue kipande hicho bado. Fuma kipande kingine kwa donge zima la gramu 50 na upime eneo lake. Kama donge limetoa sentimita za mraba 1,000, na sweta ya mfano wetu ina takriban 8,600 kwa kujumlisha mbele, nyuma na mikono, unahitaji madonge 9, na la kumi kwa ajili ya shingo, mishono na dharura. Kipande cha pili unaweza kukifumua uzi wake urudi kwenye kazi.

Hatua ya nne: kuchukua vipimo na kuchora

Njia nyepesi kuliko zote ni kuchukua vipimo vya sweta ya zamani inayokukaa vizuri, uitandaze mezani bila kuivuta. Usipokuwa nayo, pima mwili: mzunguko wa kifua, urefu kutoka bega hadi unapotaka nguo iishie, urefu wa mkono kutoka kwapani hadi kwenye kifundo cha mkono, upana wa mgongo kati ya mabega, na mzunguko wa kifundo. Juu ya mzunguko wa kifua ongeza sentimita 8 za nafasi. Kwa kuwa hapa sweta huvaliwa juu ya shati na kuvuliwa kabla ya mchana, sishauri ibane. Lakini ukiongeza zaidi ya sentimita 15, upepo wa Julai utaingilia chini na kutokea shingoni.

Tuchukue mtu mzima mwenye kifua cha sentimita 92. Mzunguko wa sweta utakuwa 100, yaani sentimita 50 mbele na 50 nyuma. Kila sentimita ina vitanzi 2.2, hivyo 50 mara 2.2 ni 110, na viwili vya mshono vinafanya 112. Urefu wote uwe sentimita 58, ambapo 6 ni mbavu za chini, 30 ni mwili hadi kwapani, na 22 ni kutoka kwapani hadi begani. Chora umbo hilo daftarini, andika sentimita upande mmoja wa kila mstari na idadi ya vitanzi upande wa pili. Mchoro huo ndio ramani yako, na usipotee.

Kuhusu rangi, kumbuka vumbi. Udongo wetu mwekundu hukaa juu ya nyeupe na krimu kwa siku moja, lakini juu ya kahawia, kijani cha mzeituni au zambarau ya zabibu zilizoiva hauonekani upesi. Milia ndiyo mapambo rahisi, kwani hubadilisha uzi pembeni tu. Anayetaka picha, kwa mfano safu ya mibuyu kifuani, aichore kwenye daftari la hesabu lenye visanduku, kisanduku kimoja kikiwa kitanzi kimoja, ila ajue kwamba kitanzi kilichofumwa ni kipana kuliko kimo chake. Vitanzi 22 na mistari 28 hufanya mraba kamili. Kwa hiyo mbuyu uliochorwa vizuri kwenye visanduku vya mraba utatoka umebonyea kama uyoga. Uchore mrefu kupita kiasi karatasini ili uwe na kimo chake kifuani. Uzi wa rangi isiyotumika hupita kwa nyuma, nao usiruke zaidi ya vitanzi vitano bila kusokotwa na mwenzake, la sivyo vidole vitanasa kila unapovaa. Nyuzi hizo za nyuma huongeza unene, na kwa hali ya hewa yetu ukanda mmoja kifuani unatosha; sweta iliyojaa picha mwili mzima itakuchosha kufikia saa tatu.

Hatua ya tano: mgongo

Kwa sindano nyembamba anzisha vitanzi 110 na ufume mbavu za viwili viwili kwa sentimita 6, ukianza na kumaliza kwa vitanzi viwili vya uso. Hamia kwenye sindano za milimita 4, na katika mstari wa kwanza ongeza kitanzi kimoja kila upande ili vifike 112. Fuma kitambaa laini kwa mistari 84, ambayo ni sentimita 30.

Umefika kwapani. Funga vitanzi 10 mwanzoni mwa mstari huu na 10 mwanzoni mwa unaofuata, vibaki 92, kisha fuma mistari 62 bila kupunguza. Hapo kila bega lina vitanzi 26 na shingo ya nyuma ina 40, ambavyo ni sentimita 18 hivi. Funga 26, hifadhi 40 za katikati kwenye uzi wa rangi nyingine, funga 26 za mwisho.

Andika daftarini kila mistari kumi unayomaliza. Umeme unakatika, mtoto anaita, mgeni anabisha hodi, na kumbukumbu ya kichwani haivumilii hayo yote.

Hatua ya sita: mbele

Fuma kama mgongo hadi umalize mistari 42 juu ya kwapa. Imebaki mistari 20, ambayo ni kina cha shingo cha sentimita 7. Katika mstari unaofuata fuma vitanzi 36, hifadhi 20 za katikati, na uendelee na upande mmoja peke yake. Kwenye ukingo wa shingo punguza kitanzi kimoja kila mstari kwa mara 4, kisha kila mstari wa pili kwa mara 6. Umepunguza 10, vimebaki 26, na mistari uliyotumia ni 16. Fuma 4 za mwisho bila kupunguza na ufunge. Upande wa pili ufanye vivyo hivyo ukiwa kama kioo cha ule wa kwanza. Kupunguza ni kufuma vitanzi viwili kwa pamoja kama kimoja.

Hatua ya saba: mikono

Ifume mikono yote miwili kwa wakati mmoja juu ya sindano ileile, kila mmoja na donge lake. Wengi hulalamika kwamba hilo linachanganya, na ni kweli kwa siku ya kwanza, lakini ndiyo dawa pekee ya uhakika niliyoipata dhidi ya mkono mmoja kuzidi mwingine.

Anzisha vitanzi 46 kwa kila mkono, mbavu za sentimita 6, kisha hamia sindano za milimita 4. Juu, mkono unapaswa kulingana na tundu la kwapa, ambalo ni sentimita 22 mbele na 22 nyuma, jumla 44; hizo ni vitanzi 96, na viwili vya mshono vinafanya 98. Kutoka 46 hadi 98 ni nyongeza ya 52, na kwa kuwa kila mara unaongeza kimoja kila upande, utaongeza mara 26. Urefu uliobaki hadi kwapani ni sentimita 38, yaani mistari 106. Gawa 106 kwa 26 upate 4 na salio dogo: ongeza kila mstari wa nne, umalizie mistari miwili bila kuongeza. Baada ya hapo fuma mistari 12 zaidi, ambayo itaingia katika pengo la vitanzi 10 ulivyofunga kwapani, na ufunge vyote kwa ulegevu.

Kwa mwenye mikono mirefu au mifupi ni mgawanyo huu tu unaobadilika.

Hatua ya nane: kuunganisha, shingo na kukausha

Lowesha vipande vyote, vikamue ndani ya taulo bila kuvisokota, vitandaze juu ya mkeka kivulini na uvinyooshe kwa tepu mpaka vifikie vipimo vya mchoro. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu, hivyo vitakauka mapema kuliko unavyodhani. Kinachoharibu ni jua la moja kwa moja, linalopausha rangi, na kamba ya nguo, inayorefusha sweta iliyolowa mpaka ikawa gauni.

Shona bega moja. Kisha kwa sindano nyembamba okota vitanzi kuzunguka shingo: 40 za nyuma ulizohifadhi, 20 za mbele, na 15 kwenye kila mteremko kwa kuokota vitatu katika kila mistari minne. Jumla ni 90, idadi inayokubali mbavu za viwili viwili. Fuma mistari 8 na ufunge kwa ulegevu, ikibidi kwa sindano ya milimita 4, maana ukosi uliofungwa kwa kubana haupiti kichwani hata mbavu zikivutika. Ujaribu kichwani kabla ya kukata uzi. Shona bega la pili pamoja na pembe ya ukosi, weka mikono kwenye matundu yake, kisha ushone kwa mkupuo mmoja kutoka kwenye pindo la mkono hadi kwapani na kushuka ubavuni.

Kuhusu muda, sweta hii ina takriban vitanzi 53,000. Anayefuma vitanzi 20 kwa dakika atahitaji saa 44 hivi, na akitenga saa moja na nusu kila jioni atamaliza kwa siku 30, bila kuhesabu kushona. Anayeanza masika yanapoelekea mwisho, mwezi Aprili, atakuwa ameivaa kabla ya baridi ya Juni. Anayeanza Juni atafuma akiwa amejifunika blanketi.

Uzi uliobaki usiugawe wote. Kata mita 10 hivi, uzifue mara mbili tatu pamoja na sweta ili zipauke kwa kiwango kilekile, kwa kuwa viwiko ndivyo hutoboka kwanza, na kiraka cha uzi mpya huonekana toka mbali.